Tunawafundisha Kumeza Nukuu, Halafu Tunashangaa Hawasomi

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tuliorudi TP juzi tukiwa tumekonda, na mafaili ya maandalio ya somo yamejaa mihuri ya wakuu wa shule, makala hii ni yetu kwanza. Lakini hata wewe wa uhandisi au sheria usifunue ukurasa mwingine. Nawe ulipita kidato cha nne, na nina hakika usiku wa kuamkia mtihani wa Kiingereza ulikuwa unazunguka bwenini na karatasi mkononi, midomo ikicheza, unameza nukuu.

Mimi nilimeza. Nilikuwa nazo 30, kumi kwa kila kitabu, nimezipanga kwa dhamira: mapenzi, ukombozi wa mwanamke, rushwa, athari za ujinga. Nikapata B yangu nikashukuru Mungu. Ukiniuliza leo sikumbuki hata moja. Kwa hiyo siandiki hapa kama mtu aliye safi. Naandika kwa sababu mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nilikaa upande wa pili wa meza nikiwa na kalamu nyekundu, na nilichokifanya na kalamu ile hakijaniacha vizuri.

Nilipangiwa sekondari moja ya kata, kidato cha nne, mkondo wenye wanafunzi 74. Vitabu vya fasihi vilivyokuwepo: Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala nakala mbili, moja haina jalada, na Unanswered Cries ya Osman Conteh nakala moja, ambayo mwalimu mwenyeji aliifungia kabatini isije ikapotea. Basi. Nakala tatu kwa watoto 74.

Wiki ya tatu tukatoa jaribio. Swali lilikuwa la insha, alama 15: kwa kutumia riwaya mbili, onesha jinsi waandishi wanavyoionya jamii. Mwongozo wa kusahihisha niliukuta tayari. Utangulizi alama 2, hoja sita alama 12, hitimisho alama 1. Kila hoja ilikuwa na alama mbili, moja ya hoja yenyewe na moja ya "mfano wa kitabuni". Nikamuuliza mwalimu mwenyeji, mama mmoja mtu wa heshima sana aliyefundisha zaidi ya miaka 20, mfano ni upi.

"Nukuu, mwalimu wangu. Iwe ndani ya alama za kunukuu. Isipokuwepo, kata."

Nikakata.

Karatasi ya kwanza ninayoikumbuka ilikuwa ya kijana mmoja wa kiti cha nyuma. Nukuu sita, zote zimenyooka, mikato na vituo mahali pake, hata namba za kurasa ameziandika. Nikampa 13. Nilipokuwa najumlisha ndipo nikaona kitu. Maneno ya mhusika wa Unanswered Cries, hadithi ya Freetown inayohusu ukeketaji, alikuwa amemwekea mdomoni Adyeri, yule baba mlevi wa Passed Like a Shadow. Yaani kamhamisha mtu kutoka Sierra Leone akamwingiza kwenye kitabu kingine, na wala hakushtuka. Kesho yake nikamwita.

"Adyeri ni nani?"

Akafikiri. "Ni mhusika, madam."

"Mhusika wa namna gani? Alifanya nini?"

"Ni mhusika mkuu, madam."

Alikuwa mkweli. Hajawahi kukishika kitabu. Alichokishika ni pamfleti ya kurasa 16 iliyotolewa kopi kwenye steshenari iliyo karibu na geti la shule.

Karatasi ya pili ilikuwa ya binti mmoja mpole, anayekaa karibu na dirisha. Haikuwa na nukuu hata moja. Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, nyakati zimegongana, "he" na "she" zimebadilishana nafasi. Lakini aliandika jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Alisema ugonjwa uliingia kwenye ile familia ya Adyeri kabla ya virusi. Uliingia siku watoto walipoanza kumwogopa baba kiasi cha kutomwambia lolote, ndiyo maana kila mmoja akaenda kutafuta mapenzi nje, na nje ndiko UKIMWI ulikokuwa unasubiri. Akasema mwandishi hawaonyi vijana peke yao kama wengi wanavyodhani, anawaonya na wazazi. Alikuwa amekisoma kitabu mara tatu, nakala ya dada yake.

Hoja sita, nukuu sifuri. Nikafuata mwongozo. Alipata 8.

Alinifuata mwenyewe baada ya kipindi, karatasi ameikunja mara mbili. "Madam, kwani nimekosea wapi?" Nikamwambia hakuweka mifano. Akaniangalia tu, akasema asante, akaondoka. Nilibaki na chaki mkononi nikijua nimesema uongo, maana karatasi yake yote ilikuwa mfano.

Sasa tuseme ukweli kuhusu nukuu. Nukuu ni shahidi. Mtu anapodai kitu kuhusu kitabu, anaita maneno ya kitabu yaje yamtetee, na shahidi anaaminika kwa sababu moja tu, kwamba alikuwepo. Ndiyo maana wazee wa fani hii waliitaka nukuu tangu mwanzo: ni njia ya kujua kama mtu amesoma. Tatizo ni kwamba pamfleti inauza mashahidi wa kukodi. Inakupa dhamira, chini yake hoja, chini yake nukuu, pembeni namba ya ukurasa. Kazi ya kusoma, kushangaa, kubishana na mhusika na kuchagua mstari unaouma imeshafanywa na mtu mwingine asiyejulikana hata jina, na kimebaki kumeza tu. Kipimo tulichokiweka ili kimkamate asiyesoma, sasa kinampa asiyesoma 13 na aliyesoma 8.

Na kuna jambo jingine ambalo hatulisemi kwa sauti. Watoto hawa wamesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu wakaamka siku moja kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Kufika kidato cha nne, wengi wana mawazo lakini hawana sentensi za kuyabebea. Kwenye insha ya namna hiyo, nukuu iliyomezwa ndiyo sentensi pekee isiyo na kosa. Ndiyo inayong'aa kwenye ukurasa. Msahihishaji aliyechoka, mwenye karatasi 74 na mwanga hafifu, macho yake yanakimbilia hapo. Mwanafunzi analijua hilo vizuri kuliko sisi. Anameza kwa sababu nukuu ndiyo Kiingereza chake cha kuazima, na akiirudisha salama siku ya mtihani ameokoka. Ukimwita mvivu unamwonea. Kumeza sentensi 30 za lugha usiyoielewa vizuri, bila kukosea mkato, ni kazi ya msuli kwelikweli.

Hapa najua kuna atakayesema: kwa hiyo unapinga kukariri? Sipingi. Nimelelewa na mtu aliyekariri. Bibi yangu, mzaliwa wa Pangani, hakumaliza hata darasa la nne, lakini alikuwa na sehemu kubwa ya Utendi wa Mwana Kupona kwa ghibu. Utendi ule Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mwaka 1858, na ulifika kwa bibi yangu kwa njia ya midomo ya wanawake, mmoja akimpa mwingine. Jioni akisuka ukili alikuwa akiughani, na mimi nikiwa pembeni. Lakini kilichonishangaza, nikikumbuka sasa, si kwamba aliujua. Ni kwamba alikuwa anasimama katikati na kubishana nao. "Hapa mjukuu wangu msikilize, anasema kweli." Halafu beti chache mbele: "Hapa mimi sikubali. Mume gani huyo wa kunyenyekewa hivyo? Babu yako ningemfanyia hivyo angepanda kichwani." Anacheka, anaendelea.

Kule pwani kuna maneno mawili ambayo huku shuleni tumeyachanganya. Kukariri asili yake ni kurudiarudia. Kughibu ni kuwa na kitu moyoni hata kitabu kisipokuwepo. Bibi alighibu. Alikuwa na maneno ndani yake, na kwa kuwa yalikuwa yake alikuwa na haki ya kuyakubali na kuyakataa. Yule kijana wangu wa kiti cha nyuma alikariri. Maneno yalipita kwake kama abiria kwenye daladala, yakashuka kituo cha mtihani, na wala hakuwaona sura. Kwa hiyo ugomvi wangu si na kumbukumbu. Ugomvi wangu ni na kumkaririsha mtu kitu ambacho hajapewa nafasi ya kukipenda wala kukichukia.

Mwalimu mwenyeji alinipa hoja nzito kuliko hiyo. Nilipomwonesha ile karatasi ya binti, aliisoma yote, akavua miwani. Akasema, "Mwanangu, huyu mtoto ana akili. Lakini ukimhurumia hapa, Novemba hakuna atakayemhurumia. Huko anakwenda kusahihishwa na mtu asiyemjua. Mimi nawafundisha kuvuka mto, uzuri wa kuogelea watajifunza wakishavuka." Sikuwa na la kumjibu. Watoto wale wengi ni wa wakulima, na cheti cha kidato cha nne ndicho mlango pekee walio nao. Ni rahisi mimi mwenye bumu mfukoni kuhubiri utamu wa fasihi. Yeye amewaona waliofeli wakirudi kijijini, kila mwaka, kwa majina.

Lakini nikitafakari, hoja yake inaniambia kosa liko kwenye swali, haliko kwake. Mwalimu anafundisha kile kinachopimwa. Nyerere alilisema hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa mtu kushika mambo na kuyatoa anapotakiwa, ndani ya muda uliopangwa, na haipimi anavyofikiri wala tabia yake. Mtaala wetu wa sekondari ukageukia umahiri mwaka 2005. Tuko wapi? Tuko kwenye steshenari, tunatoa kopi.

Na si lazima iwe hivi. Vuka mpaka hapo Namanga. Kwenye KCSE ya Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza huchapa dondoo kutoka kwenye kitabu teule, mtahiniwa analisoma palepale mezani, halafu anaulizwa: nini kimetokea kabla ya hapa, mhusika huyu ana tabia gani, mwandishi ametumia mbinu ipi. Karatasi yao ya fasihi ya Kiswahili nayo ina dondoo za kuwekwa katika muktadha wake. Maneno ya kitabu yapo mbele yako, hakuna wa kuyameza. Kinachotakiwa ni uwe umekisoma kitabu, maana bila kukisoma huwezi kujua dondoo limetoka wapi wala linaelekea wapi. Sisemi Kenya ni peponi. Insha za karatasi ya tatu bado wanaandika bila kitabu, na miongozo ya vitabu teule inauzwa kule kama njugu. Lakini angalau swali moja limemtoa mwenye pamfleti kwenye biashara.

Wala tusidhani wenye lugha yao wameshinda. England kwenyewe, mtihani wa GCSE wa fasihi ya Kiingereza uliobadilishwa na kufanywa mara ya kwanza mwaka 2017 haumruhusu mtahiniwa kuingia na kitabu. Watoto wa kule nao wanaandika nukuu za Shakespeare kwenye vikadi na kuzibandika ukutani. Tofauti ni kwamba kila mmoja wao ana nakala yake, na lugha ni ya mama yake. Sisi tumechukua ugumu bila kuchukua vitabu.

Sasa turudi nyumbani, hapa chuoni, kwa sababu nisipofanya hivyo nitakuwa mnafiki. Mwaka wa kwanza nilifundishwa ngazi za Benjamin Bloom za mwaka 1956. Ngazi sita, na ya chini kabisa ni kukumbuka tu. Nilijifunzaje? Nilichukua herufi za mwanzo za zile ngazi sita, nikatunga neno la ajabu la kuzishikilia, nikalimeza, nikalitapika kwenye UE. Mwaka wa pili tukafundishwa Paulo Freire, aliyeilaumu elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa benki ya kuwekea amana za mwalimu. Lekchara akasema hiyo fafanuzi itatoka. Ukumbi mzima, watu zaidi ya 300, tukaiandika neno kwa neno kwenye madesa. Tuliiweka benki. Hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana nikisoma The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka siku hizi simcheki tena Lakunle. Mnamkumbuka? Yule mwalimu wa shule anayemmwagia Sidi vivumishi vya Kiingereza mfululizo kuilaani mahari, na akiishiwa anajitetea kwamba kamusi aliyonayo ni ile ndogo, kubwa ameshaiagiza. Sidi anamwona kama redio. Anaolewa na mzee Baroka. Soyinka alituchora sisi, walimu tuliobeba maneno ya watu na kudhani ndiyo elimu.

Kwa hiyo nina maombi machache, na siyaelekezi wizarani, kwa sababu wizara haisomi gazeti letu. Nayaelekeza kwako wewe utakayepanda basi la TP mwakani.

Kwanza, pale penye "mfano wa kitabuni", soma neno lenyewe. Mfano ni tukio lolote mahususi. Mtoto akieleza kwa maneno yake kwamba Njoroge wa Weep Not, Child aliiamini shule kama mkombozi mpaka shule yenyewe ikamponyoka, ametoa mfano. Mpe alama yake. Nimeuliza walimu watatu waliobobea kama kuna waraka wowote unaosema mfano ni lazima uwe nukuu ya neno kwa neno, hakuna aliyenionesha. Ni mazoea tu.

Pili, nakala ikiwa moja, isikae kabatini. Dakika kumi za kila kipindi, mtu mmoja asimame asome kwa sauti. Kwa vipindi vya mhula mmoja unamaliza riwaya fupi kama zile. Nililijaribu hilo wiki mbili za mwisho. Darasa lililokuwa linasinzia likawa linanidai: "Madam, jana tuliishia pabaya, tuendelee."

Tatu, waache wabishane kwa Kiswahili kwanza. Najua mkaguzi akipita dirishani utaona aibu. Lakini wazo likishakomaa kwa Kiswahili, kulivusha kwenda Kiingereza ni kazi ya kutafuta maneno. Lisipokomaa, hakuna cha kuvusha, ndipo pamfleti inapoingia.

Nne, kama ni kukariri, kila mwanafunzi achague mstari mmoja tu kwenye kila kitabu, mwenyewe, asimame mbele ya wenzake aseme kwa nini ameuchagua huo. Nukuu tatu zilizochaguliwa zina uzito kuliko 30 zilizonunuliwa. Na hizo hata Novemba hazitamtoka.

Mwisho niwaambie yaliyompata binti wa dirishani, maana yeye ndiye sababu ya makala hii.

Wiki ya sita tulitoa jaribio la pili. Nilipoifungua karatasi yake sikuamini. Nukuu sita, zimenyooka, namba za kurasa pembeni. Hoja zilikuwa zilezile za pamfleti, kwa mpangilio uleule, pamoja na kosa la tahajia ambalo lilikuwa kwenye karatasi nyingine 40. Kuhusu baba na watoto waliomwogopa hakukuwa na neno. Alipata 13.

Nilipomrudishia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Madam, sasa nimeelewa," akaniambia. Darasa likampigia makofi, na mimi nikapiga nao.